Cheti cha Mama Selina

Siku niliyoripoti kazini Eldoret, Inspekta Mkuu wa Afya wa manispaa hakunipa kiti. Alivaa kofia, akachukua tochi, akaniuliza, "Kijana, umekunywa chai?"

Nikasema bado.

"Vizuri. Leo utajua kwa nini mimi hubeba yangu kutoka nyumbani."

Kabla ya saa sita tulikuwa tumekagua hoteli tano, na zote tuliingia kwa mlango wa nyuma. Mbele, alisema, ni pa wateja. Alinifundisha kuangalia kwanza maji yanatoka wapi, kisha choo kiko umbali gani na jiko, kisha kucha za mpishi, na chakula chenyewe mwisho kabisa. Hoteli ya tatu alimulika chini ya rafu ya unga, akaona mende, akaandika notisi, ile karatasi inayompa mwenye hoteli siku chache za kurekebisha makosa kabla hatujafunga. Tulipokuwa tunarudi ofisini aliniambia nisahau kula kwa amani tena maishani. Nilicheka, maana nilidhani anatania.

Watu walituita Bwana Afya. Nilipelekwa kwanza Turbo, kwenye kichinjio, nikawa napiga mhuri nyama alfajiri kabla magari ya wachuuzi hayajafika. Kukagua nyama ni kupasua ini na mapafu na kutafuta minyoo na vivimbe. Ukiona kitu usichokielewa, unatupa. Baadaye nikawekwa Huruma, nikipima maji ya visima vilivyochimbwa katikati ya vyumba vya kupanga. Huko ndiko nilikoanza kuamka nikihesabu kichwani mwangu kisima gani sijarudia kupima. Mke wangu alisema nimekuwa mtu wa kunusa vikombe. Tukialikwa kwa watu nilikuwa nasema nimeshiba.

Niliporudishwa katikati ya mji, serikali ya kaunti ilikuwa imeshachukua nafasi ya manispaa, na kazi yangu kubwa ikawa vyeti. Kila anayeshika chakula cha kuuza lazima awe na cheti cha afya, na kila miezi sita anapimwa upya: anatoa sampuli ya choo, maabara inaipima, ndipo afisa anasaini. Watu wengi waliona ni usumbufu wa serikali. Lakini kuna mtu anaweza kubeba vijidudu vya taifodi miaka mingi asiugue hata siku moja. Tunamwita mbebaji. Huwezi kumjua kwa kumtazama, wala kwa usafi wa nguo zake, wala kwa tabia yake.

Katika mji mzima kulikuwa na mahali pamoja tu nilipokula bila kuogopa, na ni kwa Mama Selina. Mama huyu alitoka upande wa Kakamega na mumewe, ambaye alikuwa kibarua kwenye mashamba ya ngano. Mume alipofariki, akaanza kuwapikia mafundi githeri, mahindi na maharagwe, kwenye majengo. Wakati ninaousimulia, alikuwa na hoteli ya meza kumi na wafanyakazi sita, na watu walitoka mbali kuja kula kuku wake wa kienyeji kwa ugali wa wimbi, mboga ya mrenda, na kachumbari aliyokuwa akiikata mwenyewe. Hakumwachia mtu kachumbari.

"Hawa watoto wanakata vitunguu kama kuni," alikuwa akisema.

Basi Mkurugenzi mmoja wa kaunti akaniita. Walikuwa wanatengeneza kijitabu cha wageni: waende wapi wakiwa Eldoret, na wale wapi. Mahali pa kutembelea palikuwa pameshaandikwa. Kulikuwa na ukingo wa Bonde la Kerio, barabara za Iten ambako wanariadha hufanya mazoezi asubuhi, na maporomoko ya mto Sosiani. Hoteli ndizo zilibaki.

"Bwana Afya," akaniambia, "mgeni akiharisha hapa, hatakumbuka bonde. Nataka kila hoteli iwe na saini yako."

Nilizunguka wiki mbili. Hoteli nyingine niliziacha nje, na wenyewe wakanuna. Lakini kila niliyemuuliza alisema Mama Selina awe wa kwanza. Vyeti vyao vilikuwa vinakwisha mwezi ule, kwa hiyo nikachukua sampuli zote saba, yake na za wafanyakazi, nikazipeleka maabara. Fundi wa maabara akaniambia dawa ya kupimia imeisha, nisubiri. Nikasubiri. Mkurugenzi akapiga simu mara ya kwanza, ya pili, akasema mchapaji anangoja.

Nikasaini. Nilikaa na kalamu mkononi kitambo, nikajiambia huyu ninamjua, jiko lake linang'aa, na dawa ikija nitampima. Saini yenyewe ilichukua muda mfupi kuliko kuandika jina lake.

Wiki chache baadaye zahanati mbili zikaripoti taifodi: dereva wa bodaboda, karani wa duka la mbegu, na mwanafunzi wa chuo kikuu kule Chepkoilel, jina lake Kibet. Ugonjwa ukitokea hivyo, kazi yetu ni kufuatilia. Unaenda kwa kila mgonjwa na daftari, unamuuliza amekula nini na wapi, siku baada ya siku, mpaka majibu yakutane. Dereva akataja kwa Mama Selina. Karani naye akataja. Nikaenda hospitalini kwa Kibet nikiomba ataje kwingine.

Alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji. Taifodi ilikuwa imemtoboa utumbo. Mama yake, mkulima kutoka Sugoi, alikuwa amekaa kando ya kitanda, ameshika chupa ya uji ambao kijana hakuruhusiwa kunywa.

"Kula nje ni mara moja tu," Kibet akasema kwa sauti ya chini. "Marafiki walininunulia kuku. Na kachumbari. Kachumbari ilikuwa tamu."

"Daktari, atapona?" mama akaniuliza.

Nilimwambia mimi si daktari. Nikafunga daftari.

Siku hiyo hiyo nilichukua sampuli mpya, na dawa ilikuwepo. Majibu huchukua siku kadhaa kwa sababu vijidudu lazima vioteshwe kwanza. Siku hizo sikula chochote isipokuwa ndizi, nilizomenya mwenyewe. Nilipita nje ya hoteli mara tatu kwa siku nikitazama watu wakiingia. Ningeweza kufunga bila kungoja. Sheria iliniruhusu. Sikufunga, kwa sababu ukifunga unaulizwa vyeti, na vyeti vilikuwa vimesainiwa na mimi.

Majibu yakaja: wafanyakazi sita wazima, mmoja mbebaji. Ni Mama Selina.

Afisa Mkuu wa Afya wa wakati huo alikuwa mwanamke mdogo kwangu, niliyemfundisha kukagua visima akiwa bado mwanafunzi wa mazoezi. Alisoma karatasi, akafungua faili.

"Mzee, hii cheti umesaini wewe. Karatasi ya maabara iko wapi?"

"Haiko."

"Haiko imepotea, ama haiko haikuwahi kuwa?"

"Haikuwahi kuwa."

Alivua miwani. "Enda ufunge kwanza. Watu wanakula huko sasa hivi. Ukirudi utaandika maelezo, kwa mkono wako. Hiyo hoteli nitaitoa kwa kijitabu mimi mwenyewe."

Nilimkuta Mama Selina akikata nyanya. Nilimwomba aweke kisu chini, nikamweleza polepole. Alisikiliza, akitazama mikono yake, pande zote mbili.

"Lakini mimi si mgonjwa, Bwana Afya."

"Ndivyo ilivyo, Mama. Wewe huugui. Wanaokula ndio wanaugua."

"Na huyo mtoto wa Chepkoilel?"

"Yuko hospitalini. Amepasuliwa."

Akakaa kwenye gunia la viazi. "Nilikupa kopo la sampuli. Ukaniletea cheti, nikakitundika ukutani. Nilikuwa najua nimepimwa."

"Hukupimwa, Mama. Nilisaini tu."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alisema, "Kumbe mimi nilikuwa naosha mikono nikiamini wewe." Kisha akaenda mbele, akawaambia wateja mwenyewe kwamba jiko limefungwa na kwa nini, akawataka wakapimwe. Mmoja alisukuma sahani ikaanguka. Mimi nilisimama mlangoni nikibandika notisi, na gundi haikushika, nikabandika tena.

Alimeza vidonge wiki nne. Baada ya hapo mbebaji hupimwa mara tatu, kwa kupishana, na zote lazima ziwe safi. Ya kwanza ilikuwa safi, na ya pili pia. Ya tatu nililala na simu kifuani. Ilipotoka safi nilimpelekea cheti pamoja na karatasi zote tatu za maabara. Cheti hakukigusa. Alichukua zile karatasi, akavaa miwani, akasoma kila mstari kwa kidole, wakati mimi nimesimama. Alipomaliza alisema tu, "Sawa. Sasa nimeona mwenyewe." Hoteli alifungua tena, lakini meza zilijaa nusu, na wafanyakazi wawili hawakurudi.

Mimi nilipewa barua ya onyo, na baada ya miezi michache umri ukafika, nikastaafu. Kuna vijana wa afya ya umma wanaokuja kwangu kuniuliza kazi ilikuwaje. Wanataka kusikia habari za mende na vichinjio. Nawasimulia, kisha nawasimulia na hii, na huwa wanatazama simu zao.

Mwaka jana, siku ya mahafali, mji ulijaa familia zenye maua na keki. Nilikuwa natoka posta mama mmoja akanishika mkono. Ni yule wa Sugoi, na mumewe, na Kibet amevaa joho, amekonda lakini amesimama wima.

"Daktari! Wewe ndiye ulikuja na kitabu wodini. Tuambie, tutakula wapi penye usalama? Huyu mtoto hoteli ilitaka kumuua."

Ningeweza kunyoosha kidole na kwenda zangu. Nikawaambia. Niliwaambia haikuwa hoteli peke yake, kwamba mama yule alitoa sampuli kama alivyotakiwa, na aliyesaini bila kupima ni mimi.

Mama aliuachia mkono wangu. "Na ulikaa kando ya kitanda chake ukiandika?"

"Ndiyo, Mama."

Kibet alitazama chini. Watu walitupita na picha zao. Baba mtu akasema, "Mzee, sisi tumetoka nyumbani asubuhi na tuna njaa. Tupeleke mahali unapajua. Na utakaa hapo na sisi."

Nikawapeleka hoteli nyingine. Niliingia jikoni kwa mlango wa nyuma, nikaomba kuona vyeti, na karatasi za maabara nyuma ya vyeti, mpaka mwenye hoteli akakasirika. Kisha nikakaa nao mezani. Nilimtazama Kibet akila, tonge baada ya tonge, mpaka sahani ikaisha.