Mtungi Ulionyamaza Igawa

Jambo la kwanza ambalo mtu aliligundua kwa Yotamu ni kwamba alitikisa kila kitu kabla ya kukiamini. Kiberiti alikitikisa dukani, yai alilitikisa sokoni, hata chupa ya dawa aliyopewa hospitalini aliiinua sikioni kwanza. Mazoea hayo aliyapata katika kiwanda kidogo cha soda mjini Mbeya, alikounganisha mitungi ya gesi na mashine. Katika baridi ya Mbeya, ukitikisa mtungi wenye gesi unasikia kimiminika kikicheza tumboni mwake. Mtungi mtupu hukaa kimya. Kwa kipimo hicho Yotamu hakuwahi kukosea.

Mwaka 1956 alimposa Damari, binti wa Mzee Jailos, mfanyabiashara wa mpunga wa Igawa. Mzee hakukataa, ila alitaka kwanza kuuona ufundi wa kijana. Alikuwa amenunua mashine kuukuu ya kujazia soda, ya kuzungusha kwa mkono, nayo ilikuwa Mbeya ikitengenezwa.

"Nitolee soda hapa Igawa," alisema, "ndipo tuongee habari za binti yangu."

Yotamu, kwa kujiamini, akamfundisha na namna ya kupokea gesi. "Mtungi ukinyamaza, Mzee, usiupokee. Hata nikiuleta mimi."

Basi siku moja ya Oktoba aliteremka Igawa kwa lori, amekumbatia mtungi wenye gesi yapata nusu. Mashine, pamoja na ufunguo wa kufungulia mtungi, vingekuja na lori la kesho yake. Jua la bonde la Usangu lilikuwa kali mno, chuma kikamchoma viganja. Mzee Jailos aliutikisa mtungi mbele ya wateja wake. Akautikisa tena.

"Umenyamaza," alisema.

Yotamu akautwaa, akautikisa, akautegea sikio. Kimya.

"Labda maji yake yamekauka njiani," alisema Silvester, mteja mmoja, na watu wakacheka.

"Ni mzito, Mzee. Uinue mwenyewe," alisema Yotamu.

"Chuma ni kizito hata kikiwa kitupu. Si wewe uliyenifundisha? Ninyi watu wa milimani mnadhani sisi wa bondeni tunasahau."

Kilichomuuma Yotamu zaidi ni kwamba yeye mwenyewe alianza kuamini kuwa gesi imevuja, na posa yake imekwenda nayo.

Damari alikuwa kivulini, akitikisa kibuyu cha maziwa.

"Baba, hata maziwa jua likiwaka hayatoi siagi. Unatikisa mpaka mikono inakufa, na sauti haibadiliki. Si huwa tunakizamisha kibuyu mtoni kwanza?"

"Huu si kibuyu, mwanangu."

"Najua. Lakini umechomwa na jua kama kibuyu."

Mzee aliguna, kisha akaruhusu. Wakaubeba mtungi hadi Mto Mbarali, wakaulaza majini chini ya kivuli. Jua lilipoinama wakautoa. Yotamu hakuthubutu kuutikisa, alimwachia Mzee. Safari hii kitu kilicheza ndani, kidogo, kisha waziwazi.

Wanaosoma sayansi shuleni huanza na gesi ya kufikirika, ambayo chembe zake hazivutani kamwe. Gesi za kweli si hivyo. Chembe zake huvutana, na zikibanwa katika ubaridi, mvutano huo hushinda na gesi huwa kimiminika. Lakini kila gesi ina mpaka wake wa joto. Ukiuvuka, hata uibane kwa nguvu gani, haiwi kimiminika tena. Mpaka wa gesi ya soda, yaani kaboni dayoksaidi, ni nyuzi thelathini na moja hivi za sentigredi. Mbeya haifiki huko. Igawa inafika, na juani inapita. Gesi haikuwa imepotea. Ilikuwa imebadili hali tu, nalo sikio lililofundishwa katika baridi halikuwa na habari hizo.

Mzee Jailos aliutua mtungi taratibu.

"Nimesikia," alisema. "Lakini sauti hainyweki, kijana. Ngoja mashine ije."

Asubuhi Damari aliosha chupa, akazipanga juu ya benchi mbele ya duka. Mtungi ulikuwa umerudishwa mtoni, umefungwa kwa kamba. Watu walikuja mmoja mmoja, hata wasio na haja ya kununua kitu. Mara vumbi likainuka upande wa Chimala, kwenye njia ya Mbeya.

"Hilo ni lori la ng'ombe," alisema Silvester.

Mzee Jailos alikuwa amekwisha simama, mkono juu ya macho, akiitafuta mashine yake, na Yotamu alikuwa tayari barabarani.