Injinia aliyekataa samaki wa shangazi yangu

Wakuu, nawasalimu kutoka huku ziwani. Mimi ni mzee, shule niliachia darasa la tatu, kwa hivyo maandishi yakipinda mnivumilie. Lakini haya niliyaona kwa macho yangu.

Ilikuwa miaka ya sitini, Uhuru bado mbichi. Landrova ilikuja kwetu, ufuoni nje ya Kisumu, na watu wa kutafuta mafuta chini ya ardhi.

Injinia wao alikaa Milimani, mtaa wa wakubwa huko mjini. Kila asubuhi anashuka na soksi nyeupe hadi magotini. Soksi kwa matope! Tulicheka hadi tukazoea.

Wakachimba shimo kando ya mafunjo, yale matete marefu ya ziwani. Mashine inanguruma, tope jeusi linatoka linanuka dizeli, na wao wanalipitisha kwa mfereji hadi ndani ya mafunjo.

Sasa mtu wa mbali hajui mafunjo ni nini. Hapo ndipo ngege, samaki wetu wa ziwa, wanalea watoto wao. Shangazi yangu Dorsila, mjane, alitega samaki hapo kwa vikapu. Mafunjo yakifa, yeye amekwisha.

Tukalalamika. Chifu akaita baraza. Injinia akasimama: "Hilo tope ni udongo na maji tu. Halidhuru kitu."

Chifu akapiga makofi peke yake. Siku hizo alikuwa anapanda Landrova yao. Sisemi alipewa kitu. Nasema tu alikuwa anakaa mbele.

Shangazi hakubisha. "Sawa bwana. Kesho upite kwangu ule. Mgeni haondoki kwetu na njaa."

Ndipo tukaanza kumshuku yeye! Baba akasema, "Dada yangu naye wamemnunua." Hata salamu akamnyima.

Kesho yake shangazi akaweka meza nje, kila mtu aone. Ugali, na ngege mzima na kichwa chake, vile mgeni wa heshima hupewa. Injinia akaja, na chifu nyuma yake.

"Karibu bwana. Nimemtoa asubuhi hii, pale mfereji wako unapoishia."

Injinia akamega, akainua hadi mdomoni. Harufu ya dizeli ikamfika. Akarudisha kwa sahani.

"Mama, leo tumbo langu si nzuri."

"Pole sana. Chifu, basi msaidie."

Chifu, ambaye hatukuwahi kuona akikataa chakula, akasema ametoka kula.

Mtu akapaza sauti nyuma: "Kwani si ni udongo na maji tu?"

Watu wakacheka, lakini cheko lile halikuwa la furaha. Wanaume wakachukua majembe, wakaziba mfereji, injinia akitazama tu. Baba hakumwomba shangazi msamaha, lakini jembe la kwanza lilikuwa lake.

Baadaye wale watu wakafungasha mashine, wakaenda. Shimo wakalifunika kwa simiti. Kama walipata mafuta ama hawakupata, hakuna aliyetuambia hadi leo. Mafunjo yaliyoguswa na tope yalikauka. Yaliyobaki, shangazi alitega hapo mpaka uzeeni.

Siku hizi nasikia watu wa vipimo vya mafuta wanazunguka tena. Wakuu, mtu akiwaambia kitu yake haidhuru, msibishane naye. Mpikieni.

Na huko kwenu wamefika? Andikeni hapa chini, mniambie walikula nini.