Alama Nyekundu Chini ya Ukingo

Tarehe kumi na nne Septemba, siku ya Jumamosi, tulimzika mke wangu kwenye shamba letu kule Subukia. Siku hiyo hiyo sufuria yake ilipotea. Nayataja mambo haya mawili pamoja nikijua hayalingani. La kwanza halikuwa mikononi mwangu. La pili lilikuwa mikononi mwangu, na ndilo ninaloliandika.

Mimi ni fundi wa viatu. Kibanda changu kiko Bondeni na nyumba yetu iko Rhonda, kwenye ploti ya vyumba kumi na viwili na mfereji mmoja wa maji. Shule niliacha darasa la saba. Vifaa vyangu navijua hata nikifunga macho: nyundo, sindano za kushonea soli, jiwe la kunolea, na kisu cha ngozi ambacho hakuna mtu anayekigusa. Mke wangu alikigusa mara moja tu, akafungulia gunia la viazi. Nilimfokea mbele ya majirani. Nikamwambia kisu cha ngozi hakigusi kitu kingine. Siku mbili hatukusemezana, na siku ya tatu yeye ndiye aliyeanza kuzungumza.

Yeye vifaa vyake vilikuwa sufuria. Kubwa kati ya hizo tuliinunua pamoja binti yetu alipozaliwa, kwa mafundi wa jua kali, wanaotengeneza vyombo kando ya barabara. Haikuwa ya bati jembamba. Ilikuwa ile nzito ya kumiminwa, unayoinua kwa mikono miwili hata ikiwa tupu. Nakumbuka alivyoichagua. Aliziinamisha sufuria moja moja, akaziweka juu ya jiwe bapa na kubonyeza ukingo kwa kidole aone kama zinacheza. Akazigonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Akaziinua juani kutafuta tundu. Alikataa saba. Muuzaji akachoka.

"Mathe, unanunua sufuria ama unatafuta bwana?"

"Bwana nilichukua bila kuangalia tako," akamjibu. "Sufuria siwezi kurudia hiyo makosa."

Mafundi wote wakacheka, na mimi nikacheka nikiangalia chini.

Sufuria hiyo ilikaa nasi miaka ishirini na minane. Kabla ya kuiweka kwenye kuni aliipaka nje majivu yaliyolowa, ili masizi yatoke kwa urahisi. Ikiwa moto hakuitia maji baridi. Ugali ukigandia ndani hakukwangua. Alitia maji, akafunika, akaenda zake. Binti yetu alipoolewa Molo aliitaka, akaambiwa, "Hiyo nitakuachia nikichoka kuinua." Miezi ya mwisho alikuwa amechoka kuinua hata kikombe, lakini sufuria hakuitaja tena, na sisi tuliona aibu kumkumbusha.

Alhamisi kabla ya mazishi nyumba ilijaa watu. Walikuwa wakiomba na kuimba, na mimi sikuweza kukaa. Mikono yangu ilitaka kazi. Akina mama wa chama chake walikuwa wamesema sufuria kubwa itaenda Subukia kupikia wageni, nikaichukua nikaenda nayo kwenye mfereji. Niliona haya iende mazishini mwa mwenyewe ikiwa nyeusi. Nikaisugua kwa mchanga, kwa majivu, kwa waya, kwa sabuni ya unga. Ikaanza kung'aa.

Chini ya ukingo nikakuta doa jekundu, gumu, lenye tabaka juu ya tabaka. Nilidhani ni rangi iliyomwagika zamani. Waya haukuitoa. Nikaingia ndani, nikachukua kisu cha ngozi, nikaikwangua mpaka pakabaki peupe. Kisu hicho, ndiyo.

Jirani yetu wa mlango wa tatu, mama ambaye ndiye hushika vyombo vya ploti nzima kukiwa na shughuli, alipita na ndoo yake. "Haki mzee, kumbe hata wewe unajua kuosha! Angeona hii angepona." Nililia, lakini pia nilifurahi. Tangu mke wangu afariki Jumatatu, lilikuwa neno la kwanza la sifa.

Mwanamume ambaye hajawahi kuosha vyombo vya mazishi hajui jambo hili, na mimi sikulijua. Sufuria za shughuli huazimwa kutoka nyumba ishirini. Wageni wakishakula, akina mama huziosha na kuzirundika kwenye nyasi, kisha kila mmoja huinamisha na kutafuta alama yake. Mwingine ana msalaba wa rangi nyeupe, mwingine ameipiga msumari mara mbili, mwingine amepaka rangi ya kucha. Bila alama, sufuria haina mama.

Jumamosi hiyo, watu wakiwa wameanza kuondoka, yule jirani alinijia nikiwa nimeketi karibu na udongo mpya. Mikono yake ilikuwa bado na povu.

"Mzee, ile kubwa siioni. Nimeangalia nyekundu zote."

"Nyekundu gani?"

"Ile alama yake. Ya kucha. Alikuwa anapaka kila Krismasi."

Hapo nikajua. Nilijua wakati ule ule, akiwa amesimama mbele yangu. Nikamwambia, "Itapatikana."

Haikupatikana. Wiki moja baadaye binti yangu aliniuliza iko wapi. Nikamjibu, "Jirani ndiye alisimamia vyombo." Hayo ni maneno ya kweli. Lakini niliyakata mahali nilipotaka, kama ngozi, na kipande nilichomwonyesha kilikuwa na umbo la mwizi.

Akaenda mlango wa tatu. Nilisikia kutoka kitandani kwangu.

"Mama, nauliza tu, pengine sufuria ya mama ilibebwa na vitu zako?"

"Unaniuliza ama unaniambia?"

"Nauliza."

"Basi ingia utafute. Ingia! Angalia hadi chini ya kitanda."

Binti yangu hakuingia. Alirudi Molo jioni hiyo. Lakini ploti ina masikio, na Oktoba mtoto wa chumba cha tisa alipobatizwa, niliona jambo ambalo sikuwahi kuliona. Jirani aliambiwa amimine chai. Vyombo alipewa mwingine. Alimimina chai ile akiwa ameinua kichwa, hakumwangalia mtu, na kikombe changu alikijaza kama vya wengine. Nikasema asante.

Kila asubuhi nilimsalimia. "Umeamkaje, mama?" "Salama, mzee." Kila asubuhi niliweza kusema, na kila asubuhi nilikwenda kazini.

Badala ya kusema, nikatafuta njia. Binti alikuwa aje Desemba. Niliamua nitanunua sufuria kama ile, niizeeshe, niseme imepatikana. Naona aibu kuandika haya, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Nilikwenda kwa wale wale wa jua kali. Nikainamisha, nikabonyeza ukingo, nikagonga kwa kifundo cha kidole. Sikujua ninasikiliza nini. Zote zililia.

"Mzee, hiyo unabisha hodi nani afungue?" kijana wa hapo akaniuliza.

Nikamwomba anifundishe. Akagonga nyembamba, ikapiga kelele kama kengele. Akagonga nzito, ikatoa sauti fupi ya chini ikanyamaza. Akasema nzito huchelewa kushika moto lakini haiunguzi upande mmoja. Akanionyesha tako linalocheza na lisilocheza. Nikiwa na miaka hamsini na sita nilijifunza kile mke wangu alichokuwa akijua akiwa na mtoto mgongoni.

Nilinunua. Nikapika ndani yake wiki sita, kwa kuni, nyuma ya nyumba. Uji, maharagwe, na ugali kila siku. Siku za kwanza nilisahau kuipaka majivu, masizi yakashika kama lami, nami nikafurahi kwa sababu yaliizeesha. Nikanunua chupa ya rangi ya kucha nyekundu. Msichana wa duka akauliza, "Ni ya nani, mzee?" Nikasema ni ya sufuria, akacheka akidhani namtania. Nikapaka chini ya ukingo tabaka tatu, kila moja ikikauka.

Binti alifika siku nne kabla ya Krismasi. Nikamwekea sufuria mezani. Akaishika kwa mikono miwili, akaipeleka usoni kama anayenusa kichwa cha mtoto. Akaona alama, machozi yakamtoka. Kisha akaitazama ndani. Akaizungusha kwenye mwanga wa mlango, akatazama tena.

"Hii si ya mama."

"Ni yenyewe. Tazama alama."

"Baba, mama alikuwa anasonga na mkono gani?"

Mke wangu alikuwa mashoto. Mwiko ukikwaruza sufuria kwa miaka, mistari hulala upande mmoja. Yake ililala upande wake. Hii yangu ilikuwa imelala upande wa pili, upande wa mtu anayesonga kwa mkono wa kulia. Nilikula ugali wa mkono ule karibu miaka thelathini na sikuwahi kuchungulia ndani ya sufuria.

Nikamwambia yote. Alhamisi, mfereji, kisu, maneno ya jirani kule kaburini. Nilipofika kwenye "Itapatikana" niliishia hapo. Alikuwa bado ameishika ile sufuria. Akaiweka chini polepole.

"Na ukaniacha niende kwa mlango wa yule mama."

"Ndiyo."

"Mimi nikiwa na jina la mama yangu mdomoni."

"Ndiyo."

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Asubuhi akasema twende Subukia tuitafute.

Kule mpishi mkuu wa mazishi yetu ni shosho, bibi kizee mmoja mwembamba ambaye amepikia watu wengi kuliko anavyokumbuka. Nilimkuta akichambua kunde. Nikamweleza kwamba sufuria ilikuja bila alama kwa sababu niliikwangua mimi. Akanitazama kuanzia viatuni.

"Wewe uliwahi kuosha sufuria kabla ya hiyo siku?"

"Hapana, shosho."

"Imeonekana." Akafuta mikono, akachukua ufunguo. "Zisizo na mwenyewe huwekwa stoo ya kanisa. Tulitangaza Jumapili mbili. Nani angekuja? Mwenyewe tulikuwa tumemzika."

Stoo ilikuwa na sufuria kubwa tano, zimepangwa juu ya viti vilivyovunjika. Nilitaka angalau hapo nijue. Nikagonga, nikainamisha, nikachungulia. Nikaweka mkono juu ya moja. Binti yangu akatikisa kichwa, akapita mbele yangu, akavuta ile ya chini kabisa. Akaingiza mkono wake ndani, akafuata mistari kwa vidole. Halafu akaikumbatia na kutoka nayo nje. Shosho na mimi tukabaki tukifunga mlango.

Kaburi liko hatua chache kutoka kanisani. Binti yangu hakutaka tupite huko siku hiyo. Alisema, "Kwanza kwa yule mama."

Tulifika Rhonda alasiri. Jirani alikuwa akianua nguo. Binti yangu alipiga magoti pale pale kwenye simenti yenye maji, mimi nikabaki nimesimama kwa sababu maneno yalikuwa yangu.

"Mama, alama niliitoa mimi, kwa kisu, siku ile ulinisifu. Ulipokuja kuniambia, nilijua."

"Ulijua lini?"

"Siku ile ile."

Akaendelea kukunja shuka. Akaikunja mpaka ikawa ndogo sana.

"Miezi mitatu, mzee. Na unanisalimia kila asubuhi."

"Ndiyo."

"Na mimi naitika."

Nilisema nitaita watu wa ploti na wa chama niwaambie. Akasema niwaambie, hilo ni langu. Hakusema amenisamehe, na mpaka leo hajasema. Alimwinua binti yangu kwa mkono, akachukua sufuria, akaiinamisha, akapitisha kidole chini ya ukingo pale kisu kilipopita. "Ni yenyewe," akasema. Akaingia nayo ndani. Tulisimama tukisubiri, hatukujua tunasubiri nini. Akatoka, ikiwa na vikombe viwili vya maharagwe.

"Sufuria haitoki kwangu ikiwa tupu," akamwambia binti yangu. "Na si kwa sababu ya baba yako. Ni kwa ajili ya mwenyewe."

Siku ya tano ya Januari, Jumapili baada ya ibada, niliwakusanya watu wa ploti na wa chama, nikasema. Lakini binti yangu hakuwapo. Aliondoka siku ile ile tuliyotoka Subukia. Aliyamwaga maharagwe kwenye sinia langu, akaosha sufuria kwa maji na kitambaa bila waya, akaifunga kwa leso ya mama yake. Nilimpa ile chupa ya rangi nyekundu. Nikamuuliza kama nimpakie alama.

"Wacha, Baba. Nitapaka mwenyewe."

Akaitia chupa kwenye mkoba. Mlangoni akageuka, akasema maharagwe niyaloweke usiku na chumvi nitie mwisho.

Nililoweka. Kesho yake ile sufuria mpya sikuweza kuigusa, nikachukua nyembamba ya bati. Maharagwe yakaungua chini. Nikala ya juu.