Dobi Aliyengoja Sauti ya Sita

Siku hizi mtu akitaka kuimba hununua mashine kwanza. Mashine humnyooshea sauti kama pasi inavyonyoosha shati, naye hutoka mbele za watu akijiona bingwa. Mwanamke ninayemwandika hapa kazi yake ilikuwa kunyoosha, maana alikuwa dobi, lakini sauti ya mtu hakuinyoosha hata siku moja. Alituchukua na mikunjo yetu, akatupatanisha.

Duka lake lilikuwa chumba kirefu. Mbele kaunta, nyuma kamba za shuka zilizotundikwa, mvuke, na harufu ya wanga. Huko nyuma, baada ya kazi, ndiko alikoanzisha kundi la jazi ya midomo mitupu: watu sita, bila gitaa, bila ngoma. Tarumbeta alikuwa karani wa posta, ambaye pua yake ilitosha kazi hiyo. Mimi nilikuwa besi.

"Besi," aliniambia nilipojitia kupamba wimbo, "wewe ni sakafu. Sakafu haichezi, inachezewa."

Kilichotushinda ni mwendo. Jazi haitembei kama askari. Inachechemea, hatua ndefu, hatua fupi, nasi tulikuwa watu wa kwaya, tuliozoea kwenda sawasawa. Dobi alihangaika nasi mpaka siku moja akaweka pasi chini, akamgeukia mdogo wake aliyeimba sauti ya pili. Huyo alikuwa na mguu mmoja mfupi tangu utotoni.

"Mdogo wangu, hebu watembelee hawa."

Yule dada akapita katikati ya shuka, nasi nyuma yake, tukiimba na kuchechemea kama yeye. Jirani muuza mkaa akachungulia, akashika kiuno. "Mnamwigiza kilema, watu wazima wazima! Hamumwogopi Mungu?"

"Waache, jirani," mdogo mtu akajibu bila kusimama. "Wamekuja kuazima mguu. Vichwa wanavyo, haviwasaidii."

Tukaupata mwendo. Na yeye mwenyewe hata sauti yake ilichechemea: sisi tukifika kwenye noti, yeye alifika nyuma yetu kidogo tu, kama mtu anayefunga mlango baada ya wenzake kuingia. Ndiyo iliyotupa jina.

Kisha homa ikamchukua. Aliacha binti mdogo, akalelewa na Dobi.

Mazoezi ya kwanza baada ya msiba tulikuwa watano. Dobi aligonga pasi kwenye meza ya kunyooshea, tukaimba. Tulipoishikilia sauti ya mwisho, ya sita ikaingia. Ilitoka upande wa shuka, nyuma yetu kidogo. Karani akafumba mdomo, ikapotea. Akafumbua, ikarudi. Akaruka kaunta.

"Mimi nina watoto!" alipiga kelele akiwa barabarani.

Mimi sikusoma shule kubwa, lakini nilikuwa na kitabu nilichokinunua kwa wauza vitabu chakavu. Kilisema sauti zikipatana barabara huzaa nyingine isiyoimbwa na mtu. Nikawaeleza. Karani akarudi, shingo upande.

Dobi alinisikiliza mpaka mwisho. "Kitabu chako kimesema pia kwamba hiyo nyingine huchelewa?"

Usiku ule nikakipekua kitabu chote; hakikusema. 

Tangu hapo aliiita mgeni. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," alinong'ona kila tulipokaribia mwisho wa wimbo. Sheria yake ikawa moja: ukijisikia mwenyewe kuliko jirani yako, umekosea. Tulisugua hivyo miaka, sauti juu ya sauti, kwa subira ambayo leo ukimwomba mtu atakuuliza kama una wazimu. Tukaimba redioni, tukajaza kumbi. Watu walituhesabu jukwaani, wakahesabu tena, wengine wakaja kufunua pazia.

Yule binti akakua, akawa msusi, na sauti alikuwa nayo. Nyimbo zote alizijua, maana alilelewa juu ya mabunda ya nguo akitusikiliza. Akaomba nafasi ya mama yake.

"Nafasi ina mtu," Dobi alisema.

Aliomba tena, akajibiwa vilevile. Karani akajaribu utani: "Mgeni siku mbili, Dobi. Ya tatu mpe jembe." Dobi hakucheka.

Yalipokaribia mashindano makubwa, binti aliingia mazoezini mikono ingali na mafuta ya nywele. Akasimama mbele ya meza.

"Mama Mkubwa, mama akija, mnamsikia wote?"

"Wote."

"Mimi simsikii."

Pasi ikasimama juu ya shati.

"Tangu mdogo nakaa hapa," akaendelea. "Mnatazamana, machozi yanawatoka, na mimi nasikia watu watano. Mama yangu anamjia karani wa posta, mimi hanijii. Nilimkosea nini?"

Harufu ikapanda, shati la mteja lilikuwa linaungua chini ya mkono wa mtu ambaye hakuwahi kuunguza hata leso. Dobi akainua pasi, akaitazama ile alama ya kahawia.

"Simama hapo kati ya Besi na Karani," akasema.

Siku ya mashindano binti aliimba vizuri kuliko sisi sote. Aliingia kwenye noti pamoja nasi, sawasawa, hakubaki nyuma hata kidogo. Kwenye sauti ya mwisho Dobi akauacha mkono wake juu. Akauacha zaidi ya tulivyozoea. Nilisikia sauti sita za watu sita walio hai, basi. Pumzi zikatuishia mmoja mmoja, mimi nikawa wa mwisho wa wanaume, na mkono haukushuka. Binti akabaki akiimba peke yake mbele ya ule mkono, mpaka ukashuka.

Ukumbi ukasimama. Tulishinda.

Nyuma ya jukwaa binti alimrukia shingoni, akilia. "Nimemsikia, Mama Mkubwa! Nimemsikia!"

Dobi akatutazama juu ya bega lake, mmoja baada ya mwingine. Karani akatikisa kichwa kukataa. Na mimi nikatikisa.

Aliliongoza kundi miaka mingine mingi, likavuma kuliko mwanzo. Mgeni hakumjia tena, wala sisi. Lakini kila wimbo ulipokwisha, kabla makofi hayajatulia, nilimwona akiinama kwenye sikio la binti na kuuliza kwa sauti ndogo, ya mtu anayeuliza habari za ndugu aliyehama:

"Amekuja?"

Binti siku zote aliitikia kwa kichwa.