Kisu cha Mfiwa

Ajali iliyochukua wanakwaya wawili wa usharika wetu iliacha misiba miwili Kihanga. Kwenye msiba wa pili nilimkuta mama aliyemzika mumewe, mmoja wa hao wawili, jana yake tu, amekaa na akina mama wa kanisa, anamenya ndizi. Mmoja akamshika mkono: “Wewe ni mfiwa. Nenda nyumbani upumzike.”

“Nyumbani nitalia peke yangu,” akajibu, kisu hakukiachia. “Hapa nalia na nyie, na wageni wanakula.”

Mimi nilikuja na hotuba ya pole, kurasa mbili. Nikairudisha mfukoni, nikaomba kisu nami nimenye.

Mama yule akayatazama maganda yangu. “Baba, punguza. Hayo maganda yako yangeshibisha watu wawili.”

Hotuba bado ninayo. Ndizi zililiwa zote.