Mwalimu wa Jikoni

Binti yangu husomea nyumbani kwetu Chumbageni, na mwalimu wake ni mimi. Shule hutuletea kazi na habari kwenye simu. Asubuhi akiingia jikoni na daftari hunisalimia, "Shikamoo, mwalimu," nami sicheki, maana nikicheka hasomi mtu.

Siku moja ya masika, mvua inapiga bati hata hatusikilizani, nilikuwa nimeshamfokea mara mbili kwa hesabu ileile. Ujumbe wa shule ukaingia: likizo imeanza, wiki mbili. Akafunga daftari, akatoka nje, akarudi kwa mlango uleule.

"Shikamoo, mama. Yule mwalimu ameshaondoka? Mkali, yule!"

"Marahaba, mwanangu. Ameondoka."

Tukamenya mihogo pamoja, tukamsengenya mpaka ikaiva.