Kamba ya Gari la Bibi

Nilipanda kijijini kwetu Old Moshi kuchukua gari letu dogo la pedeli, lililokuwa limelala darini mwa banda la ng'ombe tangu bibi afariki. Nilitaka kumtengenezea mtoto wa dada. Ufundi wenyewe nimejifunza kwenye simu, na ugonjwa wangu ni huu: kitu kikiwa na kasoro, chakula hakipiti.

Gari hilo kwa umri linamzidi mama. Lilianzia kwenye baraza ya duka la Wahindi mjini, alikokuwa bibi akipeleka maziwa. Watoto wa pale walipokua, akapewa. Akajitwika juu ya ngata ya majani ya mgomba, akapanda nalo mlima wote. Mama akaliendesha, baadaye dada, mwisho mimi.

Shida ni kwamba kwetu hakuna tambarare. Kupanda, pedeli hazisogei. Kushuka, halina breki. Basi bibi akatoboa tundu nyuma kwa msumari wa moto, akapitisha kamba ya ndama, akawa anatufuata kando ya mfereji, kanga kiunoni, kandambili zikipiga pata pata.

"Shikamoo mama," jirani alimtania. "Siku hizi unachunga gari?"

"Marahaba. Afadhali hili, halimalizi majani yangu."

Mimi alinifundisha, "Ukitaka lisimame, liambie." Nikasema simama, likasimama. Niliamini linanisikia. Jioni nilikula ndizi za machalari kichwa kimevimba, dereva mzima, moshi wa jikoni ukinitoa machozi na mimi najifanya ni upepo wa barabarani.

Sasa huku Shirimatunda ninakoishi nililipiga msasa, nikaziba kila shimo kwa puti, nikalipaka rangi nyekundu hadi likang'aa. Dada alipokuja akalizunguka, akapapasa nyuma.

"Tundu la bibi liko wapi?"

"Nimeziba. Lilikuwa limekaa upande."

"Basi mwanangu hapandi. Atasimama na nini?"

Nilishinda nalizunguka, naliona zuri, naona aibu. Mwishowe nikachoma msumari mwenyewe. Rangi ikababuka pembeni, na hadi ninapoandika hapa pananiwasha nirudie.

Jumapili baada ya ibada tulilipeleka kwenye njia ileile. Mfereji umekauka, mikahawa imeng'olewa, kwa jirani pana ukuta wa matofali na geti. Mtoto akakaa, nikashika kamba, tukashuka.

"Simama," akasema.

Nikavuta. Likasimama. Akacheka kwa fahari, bila kugeuka nyuma, na mimi nikakumbuka kwamba sikuwahi kugeuka. Sijui hata uso wa bibi ulikuwaje alipokuwa akinishika.

Siku hizi nayaambia mengi yasimame: mawazo, kazi nisiyoridhika nayo, moyo unaokimbia bila sababu. Hayasimami. Nasema kwa sauti ileile, lakini nyuma yangu hakuna aliyeshika kamba.